Kwa Baba, Aliyempa Mama Notisi ya Siku Thelathini

Mwaka umetimia leo, baba, tangu asubuhi ile ya Jumamosi ulipoita kutoka chumbani na mama akakujibu kutoka kwenye meza ya pasi.

Ulikuwa na miaka sitini na tatu. Thelathini na minne kati ya hiyo uliitumia kama afisa utumishi katika ofisi moja, chumba kimoja cha ghorofa ya pili, dirisha likitazama maegesho ya magari. Wenzako walikuita Bwana Yahusu, kwa sababu hata ukiomba chumvi mezani ulianza kwa kutaja mada. Nyumbani nasi tulilichukua jina hilo. Mama ndiye aliyelitumia zaidi, na alijua lini linachekesha na lini linauma.

Tunaukumbuka wema wako. Barua ya kumstaafisha mtu hukuwahi kumpa tarishi aipeleke. Ulimwita mwenyewe, ukafunga mlango, ukammiminia chai, ukamwekea barua mkononi, kisha ukageukia dirisha mpaka amalize kusoma. Aliyetaka kulia alilia kwanza, ndipo ukamwonyesha pa kusaini. Na chini ya yale maneno ambayo kila mstaafu hupewa, uliongeza sentensi moja ya mtu huyo peke yake. Tarishi ulimwandikia kwamba hakuwahi kupoteza bahasha. Mlinzi wa lango ulimwandikia kwamba aliyajua magari yote kwa mlio. Tumeziona barua hizo ukutani kwao, zimetiwa fremu, tulipokwenda kuwashukuru kwa kuja kukuzika.

Mama anafanya kazi kwenye dobi la hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wewe ulipasuliwa hospitali hiyo hiyo, ukaondolewa tezi dume, na siku hiyo mama hakuomba ruhusa. Alisema akikaa kwenye benchi la kusubiri atakuwa hana la kufanya na mikono yake. Saa nane mchana mashuka ya chumba cha upasuaji yaliteremshwa na toroli. Aliyapokea na kuyahesabu kama siku zote. Hakuuliza lako ni lipi.

Ulirudi nyumbani na mpira wa mkojo, na mfuko wake ulining'inia kando ya kitanda. Mama aliushika vizuri, bila kukunja uso, na wewe ulitazama ukutani. Mpira ulitolewa siku ya kumi na mbili. Muuguzi alikuonya kwamba mkojo utajitokea wenyewe kwa wiki kadhaa, akakufundisha mazoezi: bana kama unayezuia haja, hesabu kumi, achia. Ukachora jedwali. Safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya maoni. Mama alibana pamoja nawe mezani, asubuhi na jioni, mkitazamana kama wanafunzi wa mtihani.

"Umebana?"

"Nimebana. Usinisemeshe, nitapoteza hesabu."

"Mimi nimefika saba."

"Wewe hukupasuliwa, unabana nini?"

"Nakusindikiza, Bwana Yahusu."

Kitinda mimba wenu aliingia siku moja akawakuta wote wawili mmetoa macho, akauliza kama kuna habari mbaya. Mlicheka hadi ukalowa. Wewe ndiye uliyeacha kucheka kwanza.

Daktari alikuagiza utembee kila jioni mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, na uvae soksi ndefu za kubana mpaka utakapokuwa unatembea kama zamani, damu isije ikaganda miguuni. Ulitembea jioni moja. Mbele ya kibanda cha fundi viatu suruali ikalowa, na yeye, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akapaza sauti: "Mzee, umemwagikiwa na chai?" Ukasema ndiyo, chai. Ulirudi umejiziba kwa gazeti. Tangu siku hiyo ulikaa kwenye kiti cha sebuleni, kile chenye mto wa plastiki, na mama akawa anakuvua soksi kila jioni, anakuosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, anaikausha kidole kwa kidole, na kukuvalisha jozi nyingine.

Mashuka ndiyo yaliyokushinda. Kila asubuhi mama aliyatoa kitandani bila neno. Asubuhi moja ulimwomba msamaha, naye akataka kukutua mzigo, akakwambia: "Haya ni mawili tu, baba watoto. Kazini nina mia tatu." Aliona amesema jambo jema. Kwa mtu wa dobi, mashuka mawili ni kama kupangusa meza. Hakujua kwamba wewe uliyekuwa na sentensi ya kila mtu ulisikia umewekwa kwenye toroli pamoja na wengine mia tatu. Ulimweleza dada yako hivyo kwenye simu, na dada yako akatueleza sisi, lakini mama alielezwa ulipokwisha kuzikwa.

Lile jambo jingine, ambalo mama amesema tuliandike kwa kifupi, halikurudi. Mlijaribu mara moja, wiki ya sita. Ulisema, "Samahani kwa usumbufu." Mama alikuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Alikujibu, "Lala." Hakuwa na maana zaidi ya hiyo. Wewe ulilala kama mtu aliyesomewa uamuzi.

Wiki hiyo hiyo majibu ya damu yakatoka. Daktari alisema saratani haionekani. Ulimjibu kwamba kutoonekana si sawa na kutokuwepo, naye akacheka, akakupa mkono na kusema kwake yeye umepona. Kuhusu hilo jingine alisema mishipa huchukua hata mwaka mmoja na nusu; huenda likarudi, huenda lisirudi. Mama alitoka nje, akakaa kwenye benchi, akavua viatu vyote viwili na kukanyaga sakafu ya baridi. Alikuwa hajalia tangu mwanzo na hakulia hapo. Alikwambia twende tukale. Ulimuuliza, "Nimepona nini hasa?" Alidhani ni mzaha.

Siku ya arobaini na tisa tangu upasuaji, alipotoka kazini, alikuta umevaa shati la ofisini. Ulikuwa umechemsha chai mwenyewe. Ulifunga mlango wa sebule, ukammiminia kikombe, ukamwekea karatasi mkononi, ukageukia dirisha.

Ilikuwa na tarehe na nambari ya kumbukumbu. Ilihusu kumpumzisha majukumu ya ndoa. Ilieleza kwamba kutokana na hali yako ya kiafya, ambayo kwa maelezo ya daktari huenda isibadilike, umeona si haki kuendelea kumshikilia. Kwamba anapewa notisi ya siku thelathini kuanzia tarehe ya barua. Kwamba katika kipindi hicho majukumu yote ya uuguzi yanasitishwa. Kwamba nyumba itabaki kwake na wewe utahamia kwa dada yako. Ilimshukuru kwa utumishi wa miaka thelathini na moja. Nakala: dada mkubwa, watoto, jalada.

Mama aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza aliona kwamba wewe, usiyewahi kumnukuu mtu nusu, ulikuwa umemnukuu daktari nusu. Mara ya pili aliitafuta ile sentensi moja. Alishuka mstari kwa mstari hadi kwenye sahihi yako. Haikuwepo.

Tumelifikiria hilo mwaka mzima. Binti yako mkubwa anaona uliogopa ukiiandika hutaweza kuitoa barua. Mama hataki kusikia makisio. Anasema haikuwepo, basi.

"Nisaini wapi?" akauliza.

Ulimwonyesha.

"Notisi nitaitumikia yote," akasema. "Sitaki uje useme nilitoroka kazini." Akanywa chai, akaosha kikombe, akahamishia nguo zake kwenye chumba tulicholala sisi tulipokuwa wadogo.

Sisi tulipopata nakala zetu tulicheka, baba. Tunakiri. Tulidhani ni ugomvi wa wiki moja. Binti yako mkubwa alikupigia simu.

"Baba, ifute hiyo barua."

"Barua iliyosainiwa haifutwi, mama. Inaandikiwa nyingine."

"Basi iandike hiyo nyingine."

"Akate rufaa kwanza. Nitaisikiliza."

Akampigia mama.

"Nikate rufaa ya kosa gani?" mama akasema. "Nilifanya nini?"

Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, nyumba moja, meza moja. Mama alikuwa anapika na mnakula pamoja, kwa kuwa barua haikutaja chakula. Uuguzi ilikuwa imeutaja, na huo aliuacha siku hiyo hiyo, wote. Hakukugusa mguu. Soksi uliamua kutozivaa, kwa kuwa hukuweza kuinama kuzivuta na hukutaka kumwomba. Mashuka ulifua mwenyewe uani kwa maji ya moto, na maji ya moto huigandisha harufu ya mkojo kwenye pamba. Yanatakiwa maji baridi kwanza, hilo analijua hata mfanyakazi wa wiki moja wa dobi. Mama alisimama kwenye dirisha la jikoni akakutazama ukichochea beseni kwa mti, mvuke ukikupanda usoni, shuka likizidi kuharibika. Hakufungua mdomo. Alituambia kwenye simu kama mtu anayesimulia kichekesho.

"Mama, si umwambie tu?"

"Si jukumu langu. Nina barua."

Ulihama kutoka kwenye kiti kwenda kitandani na kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Mazoezi uliyaacha. Jedwali linaishia siku ya nne ya notisi, safu ya maoni tupu. Siku ya kumi na tano, au karibu na hapo, mama aliona unachechemea ukienda chooni. Aliona. Hili amesema lazima liandikwe. Alidhani ni ganzi ya kukaa. Alitaka kuuliza, akajizuia, akajiambia: aseme mwenyewe, ana mdomo.

Siku ya ishirini na saba ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa anapiga pasi koti lake la kazi kwenye korido, na kando yake kapu lote la nguo. Saa nne na dakika chache ukaita.

"Mama watoto!"

Ulikuwa hujamwita hivyo tangu siku ya barua.

"Nini?"

"Njoo unitazamie huu mguu."

Naye, bila kuinua pasi, akajibu: "Andika barua!"

Akasikia unacheka. Kicheko chako cha tumboni, kile cha zamani.

"Nakala kwa nani?" ukauliza.

"Kwa jalada!"

Akacheka na yeye. Mlikuwa mmekaa siku ishirini na saba bila kucheka, ninyi wawili mliolowesha viti kwa vicheko, na sasa mnacheka kila mtu mahali pake. Alijua hapo hapo kwamba notisi imekwisha. Aliamua ataingia, atakuvuta sikio, atakuosha miguu, na barua itakwenda jikoni kuwashia moto. Lakini hakutaka aonekane ana haraka. Alikuwa amekula siku ishirini na saba za kiburi na akaona haidhuru kuongeza kidogo, upate kungoja kidogo. Alimaliza mkono wa koti, akamaliza wa pili, akamaliza kola. Akachukua shati lako kwenye kapu, akalipiga pasi pia, kisha suruali mbili.

Alipoingia ilikuwa saa tano kasoro robo. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, umeegemea ukuta, suruali imekunjwa hadi gotini. Mguu wa kushoto ulikuwa mara mbili ya wa kulia, ngozi inang'aa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Alikushika shavu, akashika mguu, akarudi kwenye shavu. Kisha akashuka sakafuni akauchukua mguu ule mapajani, akakaa nao mpaka jirani aliposikia sauti yake, akaja.

Hospitali, daktari yule yule aliyekupa mkono alisema damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni. Alisema imechukua dakika chache. Hata mama angekuwa pembeni yako asubuhi ile, asingeweza kufanya lolote. Alidhani amemfariji. Mama alivuta kiti.

"Uvimbe huo ulianza lini?"

"Siku kadhaa. Pengine kumi, pengine zaidi."

"Ningekuwa namwosha miguu kila jioni, ningeuona?"

Daktari akatazama mezani. "Ungeuona."

"Ukionekana mapema, unatibika?"

"Mara nyingi."

"Asante," mama akasema. Akamwomba amwandikie kwenye karatasi. Daktari akadhani ni mshtuko, akakataa.

Msibani, shangazi, dada yako mkubwa, alifika na bahasha. Wanawake walikuwa wamekaa chini sebuleni, mama karibu na mlango wa chumba chenu. Shangazi alisimama katikati na miwani yake.

"Wifi, mimi sina maneno na wewe. Lakini huyu aliachishwa. Nina nakala. Asikae hapo kama mjane."

Akaisoma. Yote, hadi neno jalada. Sisi tulikuwa uani. Tuliingia amefika kwenye "utumishi wa miaka thelathini na moja", na hakuna kati yetu aliyempokonya. Watu walitazama miguu yao.

Aliyezungumza ni karani wako wa masjala, mama mfupi yule mwenye kikohozi, aliyekupangia majalada kwa miaka kumi na tisa.

"Hebu tarehe ya barua?" akauliza. Shangazi akamsomea. Karani akahesabu kwa vidole, polepole, mbele ya watu wote. "Na bosi kafariki siku ya ngapi?"

"Ya ishirini na saba," mama akajibu.

"Basi bado yuko kazini. Aliye ndani ya notisi ni mtumishi kamili. Bosi mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na angekuwepo angekwambia hivyo hivyo, da mkubwa. Keti, chai inapoa."

Mtu mmoja nyuma alicheka akajiziba mdomo. Shangazi aliikunja barua. Hakukaa.

"Mke kamili," akasema. "Ndugu yangu alimwita amtazame mguu, akamjibu aandike barua. Akaendelea kupiga pasi. Mwulizeni kama nasema uongo."

Wote wakamgeukia mama. Alikuwa ameyasema mwenyewe asubuhi ile kwa kila aliyeuliza amekufaje, hakuyaficha kwa mtu.

"Hasemi uongo," mama akasema. "Niliitwa, nikajibu hivyo."

Hakusema mlicheka. Hilo la kucheka alituambia sisi baada ya miezi minne, na alitaka kwanza tufunge mlango.

Mwaka huu amerudi kulala chumbani kwenu, upande wake. Kazini amehamishiwa, kwa ombi lake, kwenye meza ya kupokea mashuka machafu, ambayo hakuna anayeipenda. Wauguzi wanasema akiona mgonjwa wa kiume amekaa muda mrefu kwenye benchi la korido, humwendea na kumwambia avue viatu, aone miguu. Wengine humfukuza. Mmoja alimwita kichaa. Wawili hadi sasa wamepelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Juma lililopita tulikaa naye kupanga maneno haya ya tangazo la kumbukumbu. Sisi watoto tulikuwa tumeandika "mkeo mpendwa, aliyekuuguza kwa upendo hadi dakika ya mwisho". Ndivyo wanavyoandika wote. Mama aliomba kalamu, akaikata sentensi hiyo.

"Si kweli," akasema.

Kitinda mimba akamwambia, "Mama, watu hawahesabu."

"Baba yenu angehesabu. Nilimuuguza siku arobaini na tisa. Siku ishirini na saba sikumuuguza. Andikeni zote mbili."

"Na siku tatu zilizobaki?" binti mkubwa akauliza.

Mama akairudisha kalamu. "Hizo alinibakizia yeye," akasema. "Ndizo zilizonifanya mkewe. Ziandikeni kwangu."

Tumeandika kama alivyotaka.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekuuguza siku arobaini na tisa, asikuuguze ishirini na saba, na ambaye bado zimembakia tatu; na binti yako mkubwa, mwanao wa kati na kitinda mimba wako; na wajukuu wako wawili, ambao wanakujua kama babu wa kusaini; na karani wako wa masjala; na wastaafu wote wenye barua zako ukutani. Dada yako mkubwa anakukumbuka pia. Ameomba asitajwe mstari mmoja na mama, na tumeliheshimu ombi lake.

Hatutakusahau siku hata moja.